Miwani na Mguu wa Mama Mkwe

Kwa miaka kumi na tisa Ephraim Mafuru alikuwa mkwe wa Nyamburi bila kuijua sura yake. Sauti aliijua. Kikohozi alikijua, na mlio wa kandambili zake alikuwa anaweza kuutofautisha na wa majirani watatu. Sura, hapana. Kwa watu wa Butiama, mwanamume hamtazami usoni mama wa mke wake, wala mama huyo hamtazami yeye. Wanasalimiana mmoja akiwa ndani na mwenzake nje, ukuta katikati, na mambo yao yanaishia hapo. Vijana wa siku hizi wamelegeza kamba. Wapo wanaopiga picha na mama wakwe zao, bega kwa bega, na mbingu haijaanguka. Ephraim hakuwa mmoja wao.

Yeye ni Mjita wa Murangi, mtu wa ziwani. Alipokwenda kuposa, mjomba mmoja wa binti alisikika akisema kwamba watu wa ziwani wanajua samaki tu, adabu hawana. Neno hilo lilimwingia Ephraim likakaa. Tangu siku hiyo aliamua kuwa na adabu kuwashinda wenye adabu zao. Desturi ilipomtaka ainamishe macho, yeye aliinamisha kichwa kizima. Ilipomtaka akae nje ya mlango, yeye alikaa nje ya ua. Nyamburi alilazimika kupaza sauti kumkaribisha chai, na chai yenyewe ilipofika kule nje ilikuwa imeshapoa.

Kazi yake ni ufundi wa pikipiki. Kibanda chake kiko Nyasura, mjini Bunda, cha mabati, na mbele yake hapakosi pikipiki mbili tatu zilizofunguliwa matumbo. Waendesha bodaboda wanampenda kwa sababu ya vidole vyake. Anafungua kabureta, anaisafisha na kuirudisha huku anabishana na mtu juu ya mpira, macho yako barabarani, vidole vinajua njia vyenyewe. Alijivunia jambo hilo kupita kiasi, na huko mbele litamponza.

Mke wake, Matrida, ni muuguzi. Mwaka juzi alipata mkataba wa miaka miwili Maskati, akaondoka, akamwachia Ephraim nyumba na mtoto wao Dennis aliye shule ya bweni. Matrida ndiye mtoto pekee wa Nyamburi aliyebaki hai. Kwa hiyo alipopigiwa simu kwamba mama yake amejikwaa kwenye kisiki shambani, kwamba kidonda kimekaa chini ya unyayo wiki tano hakifungi, na kwamba vipimo vimeonyesha ana kisukari, aliketi kitandani huko Maskati akashindwa hata kuvua viatu. Vidonda vya namna hiyo alikwishaviona vingi. Alijua vinavyoanza na alijua vinavyoishia.

Daktari wa Musoma mjini hakuzunguka. Alisema kidonda kisafishwe kila baada ya siku moja, nyama laini iliyokufa iondolewe kidogo kidogo kwa kibano, mgonjwa asikanyage chini, na arudishwe baada ya wiki mbili. Kikionyesha dalili ya kupona, vizuri. Kisipoonyesha, watakata chini ya goti ili kuokoa kilichobaki. Nyamburi alisikiliza mpaka mwisho, akasema yeye kufa hakumsumbui. Kinachomsumbua ni kubebwa. Mume wake alikufa zamani, na tangu hapo alijilimia, akajichotea, akajipeleka mwenyewe kanisani na mnadani. Mwanamke huyo maisha yake yote yalikuwa kwenye miguu.

Zahanati ya karibu ilikuwa inafunga vidonda mara mbili kwa wiki, na kumfikisha mgonjwa huko ilikuwa ni kumpakia kwenye pikipiki mguu ukining'inia kwenye makorongo. Haikutosha. Matrida akaamua kusimamia kazi mwenyewe kutoka Maskati. Kwanza alijaribu kwa simu. Jirani, Consolata, alishika simu mkono mmoja na bandeji mkono wa pili, na Matrida akaonyeshwa dari, mlango, kuku, na dari tena. Kidonda kinataka mikono miwili. Ndipo akanunua miwani.

Ililetwa na mtu wa Manyamanyama, hapo Bunda, aliyekuwa anarudi likizo kutoka Maskati. Ukiitazama ni miwani ya kawaida yenye fremu nene nyeusi na vioo vyenye weusi kidogo, kama ya karani. Lakini ndani ina laini yake, ina kamera yake, ina spika karibu na sikio, na haiombi simu msaada. Aliyeivaa anaiona dunia kama ilivyo, na juu ya dunia hiyo anaona vilevile maandishi, mishale na alama. Anachokitazama, Matrida anakiona Maskati. Matrida akichora duara kwa kidole kwenye kompyuta yake, aliyevaa analiona duara limekaa juu ya kitu chenyewe, na kitu kikisogea duara linakifuata. Maskati watu wanaivaa kutafutia maduka na kusomea bei za vyakula. Butiama ililetwa kuokoa mguu.

Consolata aliivaa wa kwanza. Akauona uso wa Matrida umetundikwa hewani juu ya figa, unamsalimia. Aliivua, akatoka nje akatapika, akarudi akasema atafua, atapika, atachota maji mpaka mama apone, ila kitu kile hakitakaa tena machoni mwake. Hakukuwa na mwanamke mwingine wa karibu mwenye mkono mtulivu. Akabaki mwanamume mmoja mwenye pikipiki na vidole.

"Baba Dennis, hakuna mwingine," Matrida alimwambia kwa simu.

"Mama Dennis, unajua unachoniambia? Nikamshike mama mguu?"

"Ukashike kidonda."

"Kidonda kiko kwa mama."

"Basi kaa na adabu yako. Mimi nitakuja kumkuta mama anatembelea magongo." Akakata simu.

Asubuhi yake Ephraim alikuwa Butiama, amesimama nje ya ua kama kawaida yake. Sauti ya Nyamburi ikatoka ndani. "Mkwe, kama Matrida amesema, ingia. Mimi nimechoka kunuka."

Ephraim akaingia. Ila njia nzima kutoka Bunda alikuwa amepanga jambo ambalo hakumwambia mtu. Alikuwa amejiuliza hivi: miwani inaona yenyewe. Matrida anaona kwa miwani, na ana mdomo wa kuelekeza. Vidole ni vyangu na havijawahi kunidanganya. Macho yangu yanatakiwa ya nini? Kwa hiyo alipoketi kwenye kigoda miguuni pa kitanda, akavaa glovu, akaiwasha miwani, akafumba macho. Vioo vilikuwa na weusi, mtu wa mbele asingejua. Matrida naye asingejua, maana kamera inatazama mbele, haitazami nyuma kwenye macho ya aliyeivaa. Mpango ulionekana hauna kasoro.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

"Jamani, picha safi!" Matrida alisema sikioni mwake. "Naona mpaka nyuzi za godoro. Sasa nakuchorea duara la kijani penye nyama iliyokufa. Umeliona?"

"Nimeliona," alisema Ephraim, akiwa gizani.

Ndivyo alivyoianza kazi. Alipapasa ukingo wa kidonda kama anavyopapasa ukingo wa gasketi ya injini, akabana kwa kibano pale alipoona panafaa kubana, akamwagia maji ya chumvi, akafunga bandeji. Bandeji aliifunga vizuri sana. Hiyo ndiyo sehemu pekee aliyoifanya vizuri.

"Mbona unabana nje ya duara?" Matrida aliuliza.

"Mkono umeteleza."

Siku ya pili mkono uliteleza tena. Siku ya tatu Matrida akaanza kuamini miwani ni mbovu, kwamba inaonyesha duara mahali pengine na siyo alipolichora. Akaenda dukani Maskati, akagombana na wauzaji siku mbili. Waliipima kwa mbali wakasema haina ubaya wowote. Akabadilisha rangi, labda kijani kinapotea kwenye mwanga wa dirishani. Akachora kwa njano, kisha kwa nyekundu.

"Nyekundu ndiyo naiona vizuri zaidi," Ephraim alimsifia.

Ni vigumu kumtetea. Hakuwa mjinga na hakuwa mkatili. Alikuwa mtu aliyeogopa kitu kimoja kwa miaka kumi na tisa, na mtu wa namna hiyo hufanya mambo ya ajabu kwa uangalifu mkubwa. Kila baada ya siku moja aliendesha kutoka Bunda, akipitia Kiabakari, akavaa chombo kinachoona kuliko vyote wilayani, akafumba macho.

Zikapita siku sita za kazi. Kidonda kilitanuka. Nyama iliyokufa ilibaki, nyama nzima ikabanwa ikavuja damu, na harufu sasa ilikuwa inakupokea mlangoni. Nyamburi hakusema kitu. Walipompeleka Musoma, daktari alifungua bandeji, akatazama, akaiandika tarehe ya kukata kwenye karatasi. Siku kumi mbele. Akasema kama katika siku kumi hizo kutatokea mabadiliko, atakuwa tayari kuifuta, lakini wasiondoke na matumaini ya bure.

Kurudi, mgonjwa alipakiwa kwenye gari la jirani na Ephraim akafuata kwa pikipiki. Kufika Kiabakari alisimama kando ya barabara. Alikuwa na aibu, na hofu juu yake, na hakujua aanzie wapi. Kumwambia Matrida kwamba amekuwa amefumba? Alikuwa amesema "nimeliona" siku zote sita. Aliwaza kuwa pengine anaweza kuanza kufumbua kimyakimya tu, bila kumwambia mtu. Lakini kila alipoufikiria uso wa mama mkwe kule mwisho wa kitanda, shingo ilikuwa inajikunja yenyewe.

Siku ya saba alikuja, akasalimia, akaketi, akawasha miwani. Matrida akaingia hewani na sauti ya mtu aliyelia. Ephraim akafumba macho.

"Mkwe," alisema Nyamburi kutoka kitandani, "fumbua macho."

"Mama anasemaje?" Matrida aliuliza sikioni.

"Mama, mimi sija…"

"Umefumba. Umefumba leo, juzi umefumba, siku ya kwanza umefumba mpaka uso umekunjamana kama umenyonya ndimu. Nakuona kwa pembeni mwa hicho kioo. Mimi nimelala ubavu, baba."

Ephraim alibaki na kibano hewani. Kisha, taratibu, jambo la pili likamfikia. Ili mama mkwe ajue kwamba macho yamefumbwa na uso umekunjamana, alikuwa ametazama wapi?

Nyamburi hakungoja kuulizwa. "Ndiyo, nimekutazama. Siku zote. Nilikuwa naumia, na mtu akiumia anamtazamaga anayemuumiza. Nikasema nikimwambia huyu afumbue, atajua nimemtazama, nitaweka wapi uso wangu. Nikanyamaza nikalinda heshima. Sasa daktari ameandika tarehe. Hiyo heshima nitaisimamisha juu ya nini?"

"Baba Dennis," ilisema sauti ya Maskati, polepole. "Duara langu la kijani."

"Sikuliona."

"La njano?"

"Hapana."

"Nyekundu ukaisifia."

"Sikuiona, Mama Dennis. Sikuona hata moja. Nisamehe."

Matrida akakata. Ephraim aliketi na miwani yake usoni, macho bado amefumba, machozi yakipita chini ya fremu. Hakuyafuta, maana glovu zilikuwa safi na alishafundishwa asiguse kitu.

Alisikia kitanda kinalia. Nyamburi alikuwa anajivuta. Kisha kitambaa kikapepea. "Haya," alisema, na sasa sauti ilitoka kama iko ndani ya gunia. "Nimejifunika kitenge usoni, kichwa chote mpaka kifuani. Macho yako yana kazi. Yangu hayana kazi yoyote hapa. Fumbua."

Akafumbua.

Mbele yake palikuwa na kilima cha kitenge cha bluu, na upande wa huku mguu mmoja mwembamba, mkavu, wenye ufa kisiginoni, na kidonda. Alikuwa amekishika siku sita na hakukijua. Vidole vilimwambia ni kidogo na kina ukingo mmoja. Kumbe kilikuwa na kingo mbili, na kati yake mfuko wa kijivu ambao hakuwahi kuugusa.

Sauti ya Maskati ikarudi. Matrida hakusema habari za duara. Alikuwa amevaa sauti ya kazini. "Unaona?"

"Naona."

"Nachora."

Duara la kijani likatokea juu ya mfuko wa kijivu, likakaa. Nyamburi alitikisa mguu kwa maumivu, nalo likatikisika nao, halikuhama hata unywele. Ephraim akashusha kibano katikati yake. Walifanya kazi mpaka chaji ya miwani ikaisha, dakika arobaini hivi, na katika dakika hizo hakukuwa na Mjita wala mkwe mle ndani, kulikuwa na fundi anayetazama kazi yake.

Siku ile iliyoandikwa ya kukata ilipofika, daktari alifungua bandeji, akaleta taa karibu. Pembeni palikuwa na nyama mpya ya rangi ya waridi, upana wa ukucha. Aliifuta tarehe kwa mstari mmoja, akasema warudi baada ya wiki mbili. Waliporudi akasema wiki tatu. Matrida alizoea kuamka mapema kabla ya zamu yake ili achore.

Kilichowashangaza wote watatu ni maneno. Nyamburi akiwa chini ya kitenge alikuwa msemaji, na Ephraim, akiwa na kazi mkononi, alijibu. Wakasema katika miezi mitatu mambo ambayo ukuta uliyazuia miaka kumi na tisa. Nyamburi alimuuliza habari za Murangi, kamongo, yule samaki wa topeni, anavyovuliwa, na kama ni kweli watu wanamla. Siku moja Ephraim akamtajia lile neno la mjomba.

"Yule!" Kitenge kilitikisika kwa kicheko. "Yule alikuwaga analewa mpaka anasalimia ng'ombe. Wewe ndiyo umemsikiliza? Mimi nimekupikia chai miaka yote hiyo, unakaa huko nje ya ua kama mwizi, nikasema huyu mkwe hanipendi."

Ephraim akaomba shashi ya kufutia kidonda, ingawa shashi ilikuwa mapajani mwake.

Mwezi wa nne wa kazi hiyo kidonda kilifunga. Kilibaki na kovu jeusi linalong'aa, na daktari akasema aanze kukanyaga kidogo kidogo, kwa viatu vya kufunika, na asirudi tena kumsumbua mpaka kliniki ya sukari. Siku hiyo Ephraim alikusanya kibano, bakuli na glovu zilizobaki, akavifunga kwenye mfuko. Alitoka chumbani kinyumenyume, kichwa chini. Nje, Consolata alimletea chai. Aliinywa karibu na mlango safari hii, ikiwa moto. Hakuwa na sababu tena ya kuingia mle ndani, wala mama ya kujifunika kitenge. Ilimuuma, na hakukuwa na mtu wa kumwambia kitu kama hicho akaeleweka.

Wiki tatu zilipita. Kwa simu Nyamburi alimwambia binti yake kwamba anatembea vizuri, analima hata.

"Simwamini," Matrida alimwambia mumewe. "Mama angesema anatembea hata kama anatambaa. Vaa miwani uende. Usimwambie kama unakuja."

Alikwenda Jumamosi. Aliacha lami, akaingia njia ya miguu inayopita katikati ya mashamba ya mihogo, taratibu, gia ya kwanza. Kwenye kioo cha miwani, pembeni, Matrida alikuwa amekaa na kikombe mkononi. Njia ilipopinda, wakamwona mtu mbele yao anakuja, mwanamke mrefu, kichwa kimeinama, jembe begani.

Mtu huyo alisikia injini, akaijua ni ya nani. Mama mkwe anayekutana na mkwe wake njiani anajua la kufanya, na alilifanya hapohapo, bila kuinua uso. Akageuka, akaruka mfereji, akaingia kwenye mihogo. Alivuka tuta la kwanza, la pili, la tatu, akiinua magoti, viatu vikirusha udongo nyuma, jembe likirukaruka begani. Hakuchechemea hata mara moja.

Ephraim alizima pikipiki. Mgongo si uso, na aliutazama bila kupepesa mpaka majani yalipoanza kuufunika.

"Anakukimbia, Baba Dennis," Matrida alisema.

"Ndiyo," alisema Ephraim. "Ananikimbia vizuri sana."